Seti za Elektroniki Thika na Ruiru: Kipi Kinaweza Kuigwa na Kipi ni Mali ya Mtu

Wiki chache kabla ya mashindano ya sayansi shuleni, wazazi na wanafunzi wa Thika, Juja na Ruiru huanza kuulizia kitu kimoja madukani: seti ya vifaa vya elektroniki. Huwa ni mfuko au kisanduku chenye rezista, kapasita, taa ndogo za LED, nyaya, bao la kuunganishia na kijitabu cha maelezo. Mwanafunzi hufuata kijitabu hatua kwa hatua hadi taa iwake, king'ora kilie au kigari kidogo kitembee.

Tangu shule za sekondari ya msingi zilipoanza mwaka 2023, zikiwa na somo la mafunzo ya awali ya ufundi, wazazi wengi zaidi wamekuwa na sababu ya kuzitafuta seti hizi. Ukanda huu wa Thika Road pia una Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja, Chuo Kikuu cha Mount Kenya mjini Thika na vyuo kadhaa vya ufundi. Kijana aliyesomea elektroniki anaweza kununua vipuri kwa jumla katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi, akavipanga mezani kwake, akaandika maelezo na kuanza biashara kwa mtaji mdogo.

Lakini biashara rahisi kuanzisha ni rahisi pia kuigwa. Lalamiko la "amenikopi" huja mapema, na mara nyingi anayelalamika na anayelalamikiwa wote hawajui sheria inasema nini. Makala haya yanaeleza ni sehemu gani ya seti ambayo sheria ya Kenya inailinda, ipi iko huru kwa kila mtu, na hatua za kuchukua kabla ugomvi haujaua biashara mbili.

MFANO WA MZOZO

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuzaji wa Ruiru ametengeneza seti ya king'ora cha mlango: transista moja, swichi ya sumaku, kipaza mlio kidogo, rezista mbili na betri. Ameandika kijitabu cha kurasa 16, akapiga picha za kila hatua na kuchora saketi mwenyewe. Anaiuza kwa shilingi 1,850.

Muuzaji wa Thika ananunua seti moja, anaifungua na kuorodhesha vipuri vyote. Anavipata kwa bei nafuu Nairobi, anatoa nakala za kijitabu kwa mashine ya fotokopi, anabadilisha jalada na kuuza seti yake kwa shilingi 1,200. Wateja wa Ruiru wanaanza kupungua.

Kisha linatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Kijitabu cha Ruiru kiliandikwa kwa transista ya aina ya BC547. Duka la jumla lilimuuzia mtu wa Thika aina ya 2N3904, kwa kuwa zote mbili ni ndogo, nyeusi na zina miguu mitatu. Ukielekeza upande bapa wa BC547 kwako, miguu ikitazama chini, mguu wa kushoto ni kolekta na wa kulia ni emita. Kwenye 2N3904 mpangilio ni kinyume chake. Mwanafunzi anafuata mchoro kwa uaminifu, anaiweka transista vile alivyoambiwa, na king'ora hakilii. Kesho yake ni mashindano.

Katika mfano huu kuna watu watatu walioumia: aliyeandika kijitabu, aliyekinakili bila kukielewa, na mtoto aliyekiamini. Swali la sheria ni moja: ni nini hasa alichochukua muuzaji wa Thika ambacho hakikuwa chake?

WAZO HALINA MWENYEWE

Orodha ya vipuri, yaani transista moja, rezista mbili, swichi na betri, si mali ya muuzaji wa Ruiru. Wazo la kutengeneza king'ora cha mlango pia si lake. Hata namna ya kuunganisha vipuri hivyo imekuwa kwenye vitabu vya elektroniki kwa miongo mingi. Ni sawa na chipu mashuhuri ya 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971 na kuanza kuuzwa na kampuni ya Signetics ya Marekani mwaka 1972. Saketi ya taa inayomulika kwa chipu hiyo imetengenezwa na wanafunzi duniani kote, na hakuna muuzaji wa leo anayeweza kudai ni yake peke yake.

Hakimiliki hulinda namna mtu alivyolieleza wazo. Wazo lenyewe hailigusi. Mahakama za Kenya zimekutana na suala hili katika mambo makubwa zaidi. Mwaka 2012 kampuni ya Faulu Kenya ilikwenda Mahakama Kuu ikidai kwamba huduma ya M-Shwari ya Safaricom ilitokana na wazo lake la kukopesha kwa simu. Mahakama ilikataa kutoa amri ya kuisimamisha M-Shwari.

Kwa hiyo muuzaji wa Thika alikuwa na haki ya kununua seti ya mwenzake, kuifungua, kujifunza inavyofanya kazi na kutengeneza king'ora chake. Ndivyo mafundi wa jua kali wanavyojifunza kazi, iwe ni jiko, toroli au mlango wa chuma. Sheria haikutungwa ili kuzuia ushindani wa bei.

KIJITABU, PICHA NA PROGRAMU VINA MWENYEWE

Mambo hubadilika tunapofika kwenye kijitabu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda kazi za maandishi na kazi za sanaa, mradi mtu ametia bidii ya kutosha kuifanya kazi iwe yake na ameiweka kwenye umbo linaloonekana, kama karatasi au faili ya kompyuta. Maelezo ya hatua kwa hatua ni maandishi. Picha na michoro ni kazi za sanaa. Programu ya kompyuta inayoendesha kigari au kihisi huhesabiwa na sheria kuwa kazi ya maandishi.

Hivi ndivyo mgawanyo unavyokuwa kwa seti ya kawaida:

• Vipuri na orodha yake ya kawaida: huru kwa kila mtu.
• Wazo la mradi na kanuni ya saketi: huru kwa kila mtu.
• Mchoro wa saketi kama ulivyochorwa kijitabuni: una hakimiliki. Mtu mwingine anaweza kuchora saketi hiyo upya kwa mkono wake, lakini asipige picha mchoro wa mwenzake na kuuchapisha.
• Maneno ya kijitabu, picha, video za mafunzo na programu: vina hakimiliki.
• Jina la seti na nembo: hulindwa kwa sheria ya alama za biashara.
• Umbo jipya la kasha: linaweza kulindwa kwa kusajiliwa kama usanifu wa viwandani.

Muuzaji wa Thika, basi, hakukosea kuuza king'ora. Alikosea pale kwenye mashine ya fotokopi. Kubadilisha jalada hakukumsaidia kitu, kwa sababu maneno na picha za ndani zilibaki za mwenzake.

Ulinzi wa maandishi na michoro hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Huanza wenyewe mara tu kazi inapowekwa kwenye umbo linaloonekana. Wengi hudhani kwamba asiye na cheti hana haki, na hilo si kweli. Sheria inasema kutosajili hakumzuii mtu kudai haki yake. Hata hivyo, cheti cha Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ni ushahidi mzuri siku ya ubishi, na usajili hufanywa kwa njia ya mtandao.

JINA NA SURA

Kuiga bidhaa na kughushi bidhaa ni mambo mawili tofauti, na historia ya bodi ya Arduino inaonyesha vizuri. Bodi hii ndogo ya kompyuta, inayopendwa na wanafunzi, ilianzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005. Waanzilishi wake waliitoa michoro ya bodi bure, wakaruhusu yeyote aitengeneze na kuiuza kwa masharti. Walichobaki nacho ni jina. Anayeuza bodi ya kufanana na hiyo kwa jina lake mwenyewe hajakosea. Anayechapisha neno Arduino na nembo yake juu ya bodi asiyoruhusiwa anauza bidhaa ghushi. Thamani ya jina hilo ilionekana pale waanzilishi wenyewe walipogawanyika na kushtakiana juu yake, hadi walipopatana mwaka 2016.

Wakati mwingine hata rangi ni alama. Mwezi Machi 2014 forodha ya Marekani ilizuia takriban mita 2,000 za kupimia umeme zilizoagizwa na SparkFun, kampuni inayouza vifaa vya elektroniki vya kujifunzia. Kosa lilikuwa rangi: uso mweusi wenye ukingo wa manjano, sura ambayo kampuni ya Fluke ilikuwa imeisajili kama alama yake. Anayeagiza mzigo kutoka nje anafaa kukumbuka kisa hicho kabla ya kulipa.

Hapa Kenya alama za biashara husajiliwa na Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI. Usajili hudumu miaka 10 na unaweza kuhuishwa tena na tena. Usanifu wa viwandani hudumu miaka 5, na unaweza kuongezwa mara mbili hadi miaka 15. Hataza ya uvumbuzi mpya kabisa hudumu miaka 20. Mwenye umbo au uvumbuzi mpya anashauriwa kupeleka maombi kabla hajaanza kuuonyesha sokoni, kwa sababu upya ni sharti la usajili.

Kuna makosa mawili ambayo wafanyabiashara hufanya mara kwa mara. La kwanza ni kudhani kwamba kibali cha biashara cha kaunti kinampa mtu umiliki wa jina. Kibali kinamruhusu kufanya biashara, basi. La pili ni kudhani kwamba kusajili jina la biashara serikalini kunatosha kuzuia wengine wasilitumie kwenye bidhaa. Ulinzi huo hutokana na alama ya biashara. Asiyeisajili bado anaweza kumshtaki anayejipitisha kuwa yeye, lakini atalazimika kuthibitisha kwamba wateja wanalijua jina lake na kwamba wamepotoshwa.

MLALAMIKAJI NAYE AJIKAGUE

Kabla ya kumwita mwenzake mwizi, muuzaji anafaa kukifungua kijitabu chake mwenyewe. Picha ya ukurasa wa 3 aliitoa wapi? Programu ya kigari aliiandika yeye, au aliichukua kwenye intaneti?

Programu na michoro mingi ya elektroniki hutolewa bure kwa leseni huria. Bure haina maana ya bila masharti. Leseni nyingine hutaka jina la mtunzi litajwe. Nyingine, kama ile ya michoro ya Arduino, hutaka pia anayeirekebisha aitoe kazi yake kwa masharti yale yale. Muuzaji anayechukua kazi ya namna hii, akafuta jina la mtunzi na kuandika "haki zote zimehifadhiwa", amevunja masharti hata kama hakuna aliyemkamata. Akimshtaki jirani, huenda likaanza kukaguliwa lake.

Jambo jingine ni kazi ya wengi. Muuzaji akimlipa mwanafunzi amchoree michoro, sheria huchukulia kwamba hakimiliki imehamia kwa aliyeagiza kazi, isipokuwa wamekubaliana vingine. Wawili wakiandika kijitabu pamoja bila mkataba, kisha wakaachana kibiashara, kila mmoja huondoka akiamini ni chake. Ukurasa mmoja uliotiwa saini siku ya kwanza, unaosema nani ameandika nini na nani atauza, huepusha kesi ya miaka. Kuuza hakimiliki au kutoa leseni ya kipekee lazima kufanyike kwa maandishi.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mizozo ya kunakili, anayeshinda ni yule aliyehifadhi kumbukumbu. Mambo yafuatayo hayana gharama kubwa:

1. Hifadhi rasimu za kijitabu, michoro ya mkono na faili za awali pamoja na tarehe zake.
2. Andika jina, mwaka na alama ya hakimiliki kwenye jalada na ndani ya programu.
3. Weka risiti za uchapishaji na za mauzo ya kwanza.
4. Ukiona nakala sokoni, inunue na udai risiti. Piga picha duka, bei na bidhaa.
5. Linganisha ukurasa kwa ukurasa. Kosa lililonakiliwa ni shahidi mzuri. Ikiwa kijitabu chako kina "Mchoro wa 4" mara mbili kwa bahati mbaya, na cha mwenzako kina kosa lile lile, itamwia vigumu kusema alikiandika mwenyewe.

HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya kwanza ni barua. Mlalamikaji aeleze kwa ukarimu na kwa usahihi ni kurasa zipi, picha zipi au jina lipi limetumika, aambatanishe ushahidi, na aseme anataka nini: uuzaji usimame, vijitabu viondolewe, au walipane ada ya matumizi. Kumtangaza mtu kuwa mwizi kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya ukweli kujulikana kunaweza kumgeuza mlalamikaji kuwa mshtakiwa wa kesi ya kuchafuliana jina.

Hatua ya pili ni upatanisho. Katiba, Kifungu cha 159, inahimiza mizozo itatuliwe kwa njia hiyo. Wauzaji wawili wanaonunua vipuri barabara moja wana sababu nyingi za kuelewana.

Ikishindikana, malalamiko ya hakimiliki hupelekwa KECOBO, ambayo ina wakaguzi na waendesha mashtaka wake. Masuala ya bidhaa ghushi hupelekwa kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Chini ya sheria hiyo, anayepatikana na hatia kwa mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya bidhaa hizo. Mwenye haki pia anaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya zuio na fidia.

Kwa picha, video au programu zilizowekwa mtandaoni, marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yanamruhusu mwenye hakimiliki kumwandikia mtoa huduma za intaneti notisi ya kuziondoa. Kutuma notisi ya uongo ili kumkomoa mshindani ni kosa la jinai.

MZAZI NA MWALIMU

Mnunuzi naye ana la kufanya. Kabla ya kulipa, afungue seti na alinganishe namba zilizoandikwa kwenye vipuri na zile za kijitabu. Aulize kama muuzaji mwenyewe amewahi kuiunganisha ikafanya kazi. Adai risiti. Bei ya chini si ushahidi wa wizi, lakini kijitabu cha fotokopi iliyofifia, kisicho na jina la mtunzi wala namba ya simu, ni dalili kwamba hakuna wa kuuliza kitu kikiharibika.

Bidhaa ghushi zimewahi kuwaumiza wanunuzi bila wao kujua. Oktoba 2014 kampuni ya FTDI ya Scotland ilitoa programu endeshi mpya ya Windows iliyozifanya chipu zilizoghushiwa kwa jina lake ziache kutambuliwa na kompyuta. Walioamka na bodi zisizofanya kazi walikuwa wanafunzi na mafundi walioamini wamenunua chipu halali.

Walimu wanaruhusiwa na sheria, kama watu wengine, kutumia sehemu ya kazi kwa haki kwa ajili ya utafiti wa kisayansi, matumizi ya binafsi au uhakiki, mradi chanzo kitajwe. Ruhusa hiyo haimhusu anayetoa nakala za kijitabu kizima ili aziuze.

KAUNTI INAHUSIKA WAPI

Katiba imezipa kaunti jukumu la kuendeleza na kusimamia biashara, zikiwemo masoko, leseni na haki katika uuzaji. Uamuzi wa nani ana hakimiliki si wa kaunti. Ni wa mahakama, na KECOBO, KIPI na Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ni asasi za serikali ya kitaifa. Afisa wa biashara wa kaunti ndogo hawezi kufunga duka kwa sababu jirani amelalamika kwamba amenakiliwa. Anachoweza ni kusikiliza, kuwaeleza wahusika ofisi inayofaa na kuwahimiza wakae mezani. Wakazi wa Thika na Ruiru wanaweza kuanzia kwenye ofisi ya biashara ya kaunti ndogo yao.

Turudi kwa mfano wetu. Mzozo ule unaweza kuisha bila hakimu. Muuzaji wa Thika anaweza kuacha fotokopi, akaandika kijitabu chake na kuchora 2N3904 inavyopaswa kuwekwa. King'ora chake kitakuwa halali, na ataendelea kukiuza kwa shilingi 1,200 akitaka. Au anaweza kumlipa mwenzake wa Ruiru kiasi fulani kwa kila kijitabu, kwa makubaliano ya maandishi, naye Ruiru akampa michoro iliyosahihishwa. Kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, mwanafunzi atakayeiweka transista jinsi kijitabu kinavyosema atasikia mlio.